Mwenye Chombo na Anayelala Chomboni

Nilidhani sakafu inaungua.

Ulikuwa usiku wa manane. Nimelala chali kwenye kitanda chembamba ndani ya yoti ya futi 38 iliyofungwa kwenye boya, Ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, taa za Masaki upande mmoja na giza la bahari upande wa pili. Chini ya mgongo wangu kuna kitu kinatatarika, kama vitunguu vilivyotupwa kwenye mafuta ya moto, na hakikomi. Nikashuka, nikapiga goti, nikatega sikio kwenye mbao. Mlio ukazidi.

"Kamba hao," mzee mwenye chombo akasema kutoka chumba cha omo, mbele kabisa, bila hata kuinuka. "Lala."

Asubuhi akanieleza. Wapo kamba wadogo wa kwenye miamba wenye gando moja kubwa. Wakilifunga kwa ghafla linatoa mlio, na wakiwa maelfu, mlio huo hupenya kuta za faiba mpaka kwenye mto wa kulalia. Miaka ya nyuma, alisema, kwa njia hiyohiyo alikuwa akisikia baruti za wavuvi haramu: kishindo kimoja kikavu kutoka chini, vikombe vinagongana kabatini, kisha kimya. Siku hizi ni kamba tu.

Halafu, huku akimimina kahawa, akasema anauza. Magoti yamechoka, daktari wa kwao Afrika Kusini anamsubiri, na kabla hajatangaza kwa watu ameona aniambie mimi kwanza, kwa kuwa ndiye mgeni wake pekee anayeuliza habari za pampu.

Ni wiki kadhaa sasa, na jambo hili halijanitoka kichwani.

Kodi ya miezi sita

Kodi za Dar zinavyolipwa kwa miezi sita mnajua, sitawachosha. Itoshe kusema kwamba ujumbe wa mwenye nyumba wangu wa Mikocheni, wenye kiwango kipya, ulifika wiki ileile niliyolala chomboni. Kazi yangu ni kuandaa hesabu za biashara za watu. Inataka kompyuta, bando na utulivu. Hakuna mteja anayejali kama nimekaa ghorofani au juu ya maji.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ilikuja bila kuitwa: hapa pana vyumba viwili, jiko, choo na meza ya kazi, na hapana mwenye nyumba.

Hoja ya pili ilikuja na upepo. Aliyewahi kulala Kinondoni mwezi wa pili, umeme umekatika na feni imesimama, anajua jasho la saa nane usiku. Pale kwenye boya, kidirisha cha juu kikiwa wazi, upepo unakushukia kifuani, na mbu kuvuka maji yote yale ni kazi. Foleni unaisikia redioni tu.

Ya tatu ndiyo iliyonishika hasa. Nyumba hii inang'oka. Ijumaa jioni ukiachia boya, kabla magharibi haijaingia uko kisiwani Bongoyo. Ukiamka alfajiri na upepo ukikubali, Unguja iko kama maili 40 za baharini, na kwa mwendo wa maili 5 kwa saa ni safari ya kutwa. Boti za abiria zinakata kwa takribani saa mbili, sawa, ila ukishuka unaanza kutafuta pa kulala. Hapa umekuja na kitanda chako.

Nikajiona tayari nimeshaandika barua ya kuachia nyumba.

Kinachokula fedha

Bei aliyonitajia inanunua kiwanja chenye nyumba ndogo Kigamboni. Kiwanja cha Kigamboni ukikisahau miaka mitano, utakikuta kimepanda bei (au kimevamiwa, lakini hiyo ni makala nyingine). Chombo ukikisahau miezi mitano, utakikuta na shamba chini: mwani, chaza, na vikonokono vigumu vya kukata vidole. Bahari yetu ina joto mwaka mzima, na viumbe wa kujishika hawachelewi. Unampa kijana miwani na kikwangulio azame akwangue, na baada ya wiki chache unamwita tena.

Ipo rangi yenye madini ya shaba ya kuwafukuza, nayo hupakwa upya kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Iliyokuwa kali kuliko zote, yenye mchanganyiko wa bati, ilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2008, kwa sababu ilidhuru chaza na konokono waliokaa zao mbali. Sawa kabisa. Lakini ili uipake hii iliyobaki, chombo lazima kitoke majini, na hapo ndipo yoti inapoachana na jahazi. Jahazi unalipandisha pwani maji makubwa ya bamvua yakijaa, yakipwa limekaa mchangani, mafundi wanaanza kazi. Yoti ina mkuku chini yake, mrefu, mwembamba, wenye uzito wa tani kadhaa. Ukiiacha mchangani inalala ubavu. Inataka winchi na kitanda chake cha chuma, na vitu hivyo vinalipiwa kwa siku.

Kisha kuna vipande vya zinki vinavyofungwa karibu na rafadha, lile panga la kusukuma chombo, ili chumvi ivile hivyo badala yake. Vikiisha, chumvi inaanza kula shaba. Kuna nyaya za kushikilia mlingoti, chuma kile kisichoshika kutu. Kinashika, ila kwa ndani, kwenye maungio, mahali ambapo jicho halifiki. Baada ya kama miaka kumi mwenye busara anazibadilisha zote, hata kama zinang'aa. Wenye yoti duniani wana kanuni yao ya mdomo: kila mwaka tenga asilimia 10 ya bei ya chombo kwa matengenezo.

Juu ya hayo, chombo cha mzee kina bendera ya kigeni na kiliingia kwa kibali cha muda. Kikinunuliwa na mkazi kama mimi, forodha watataka ushuru wao. Baada ya hapo TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, usajili na ukaguzi. Nikitaka kukaa Unguja kwa muda mrefu, kule nako kuna mamlaka yao ya bahari na taratibu zao.

Nilijaza jedwali zima. Kujumlisha ndiyo kazi yangu, na jumla ilikuwa mbaya.

Ajabu ni kwamba haikunikatisha tamaa. Wenzangu nawaona wakichoma fedha za namna hiyo kwenye gari la mkopo linalozeekea Mwenge kwenye foleni, na hakuna anayewauliza kitu.

Mgao wa kujipangia

Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar nzima ikawekwa kwenye mgao wa maji, niliishi kwa ndoo na nikanung'unika kama kila mtu. Chomboni mgao ni wa kila siku, na anayeupanga ni wewe.

Tangi la mzee linaingia lita 300. Kila lita imekuja kwa madumu, ndani ya kihori, kiboti cha kwenda nchi kavu, ikapandishwa kwa mkono. Kwa hiyo anaoga maji ya bahari kwanza, anajipaka sabuni, anajitosa tena, kisha anajisuuza kwa kopo mbili za maji ya tangini. Bomba la jikoni linavutwa kwa pampu ya mguu ili usije ukaliacha wazi ukisikiliza taarifa ya habari. Umeme unatoka kwenye sola zilizofungwa juu ya shetri, nyuma ya chombo, na mlaji mkubwa ni friji. Wingu la masika likitanda siku tatu mfululizo, friji inazimwa na samaki analiwa leoleo.

Haya yote nilizoea haraka. Yapo mawili ambayo hayakunikaa sawa.

La kwanza ni gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja, ikikuta mlango wazi itajitokea. Ndani ya chombo haina mlango: inashuka, inajikusanya chini kabisa penye ngama, maji yanapojikusanya, inatulia pale ikingoja cheche ya pampu au swichi. Watu wamepaa na vyombo vyao kwa namna hiyo. Ndiyo maana mtungi unakaa nje, kwenye sanduku lake lenye tundu la kumwagia baharini, na kila baada ya kupika unakwenda kuufunga kwenye koki yake, mvua inyeshe isinyeshe. Mzee ni mpole kwa kila kitu isipokuwa hili. Nilipochemsha chai nikakaa kuinywa kabla ya kwenda kufunga, aliinuka mwenyewe na magoti yake yale, akaenda kufunga, akarudi, hakusema neno.

La pili ni choo. Sitakwenda mbali. Kuna tangi, na tangi lina mwisho, na mwisho wake unatakiwa uwe mbali na pwani. Lakini ghuba ile imejaa vyombo, na sijamwona mtu yeyote akitweka tanga Jumatano usiku kwenda kumwaga mbali. Watoto wa Msasani wanaogelea palepale, na wavuvi wanaosha samaki palepale. Masika yakishika, Mto Mlalakua unatosha kutuletea uchafu wetu wa bara. Sikutaka kuwa Mlalakua mdogo.

Hili la choo bado halijapata jibu linaloniridhisha.

Mjomba anapanda

Nina mjomba Kunduchi aliyekuwa nahodha wa jahazi, akibeba boriti za mikoko kutoka Rufiji kwenda Unguja. Nikamwomba aje akitazame chombo. Alikuja na kanzu yake ya Ijumaa. Alishuka kwenye kihori na kupanda shetri pasipo kushika mkono wa mtu, nami nyuma yake nimeng'ang'ania ngazi.

Akagonga faiba kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akatazama mlingoti usio na foromali, ile boriti ya kufungia tanga. Akanyanyua mbao ya sakafu kuangalia ngama, akakuta pakavu, akanigeukia. "Humu hamna kazi ya kufua maji?"

"Haivuji, mjomba."

"Basi ina lake jingine."

Kilichomvutia ni kwenda joshini, kule upepo unakotoka. Mzee alimweleza kwamba chombo chake kinaweza kukata upepo kwa pembe ya kama nyuzi 45 kutoka unakovuma. Mjomba alikuwa akibisha pia, akienda mshazari huku na huku kuukabili upepo, kila nahodha hubisha, lakini kwa jahazi ni kazi ya kutwa kwa hatua chache, na mara nyingi jawabu lilikuwa kungoja msimu. Hata hivyo hakukubali yote. Maji ya pwani hii, alisema, yanakwenda kaskazini mwaka mzima, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ukichanganya na mkondo huo, anayetoka Dar kwenda Mafia atavitambua vyote viwili, awe na tanga la aina gani.

Alasiri ikaingia. Kutoka Dar kibla kiko kaskazini, karibu kaskazini hasa. Chombo kilichofungwa kwenye boya kinaelekeza omo kule upepo unakotoka, maji yakiruhusu. Siku ile kusi ulikuwa umeshika, kwa hiyo mjomba alitandika kitambaa chake akaipa omo mgongo. Kaskazi ukivuma mambo yanageuka, omo inakaribia kukuonyesha kibla yenyewe. Ila hayo ni ya upepo. Katikati ya sala maji yalianza kupwa, chombo kikazunguka polepole, na alipotoa salamu alikuwa anaitazama Kawe. Hakushtuka. Amesali hivyo ujana wake wote.

Akakunja kitambaa. "Chombo cha nani?"

"Cha mzee huyu."

"Na anayelala humu?"

"Ni yeye huyohuyo."

Mjomba akanyamaza kidogo. "Sisi tajiri hakulala chomboni," akasema. "Tulilala sisi. Tajiri yuko mjini, kwake. Tanga likipasuka Kwale, mimi ninapeleka salamu, yeye anatafuta fedha. Sasa tajiri naye akilala humu, tanga likipasuka salamu zinakwenda kwa nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wasio na kwingine

Tulipokuwa tunarudi nikamsimulia habari ya Paul na Rachel Chandler, wanandoa Waingereza waliokuwa wakiishi kwenye yoti yao. Oktoba 2009 walikuwa wametoka Ushelisheli wakija kwetu Tanzania, maharamia wa Kisomali wakawateka. Waliachiwa Novemba 2010, zaidi ya mwaka mzima. Zama zile yoti za wageni zilipungua sana pwani ya Afrika Mashariki, na haikuwa ajabu. Nilitaka mjomba aseme kitu kuhusu usalama.

Hakusema. Aliuliza walifanya nini baadaye. Nikamwambia chombo chao kiliokolewa, kikarudishwa Uingereza, kikatengenezwa, nao wakarudi baharini nacho.

"Basi ndiyo nyumba yao kweli," akasema.

Kuhusu usalama wa pale ghubani, ukweli ni kwamba ni mahali pazuri. Ghuba imefunguka kwa kaskazini na Rasi ya Msasani inakinga upande wa kusi, kwa hiyo miezi ya kusi maji yanatulia. Kaskazi ndiyo taabu: mawimbi yanaingia, chombo kinalewalewa usiku kucha, na vikombe vinataka kufungwa. Vimbunga ni nadra kwetu, ndiyo maana baadhi ya wasafiri wa bahari hukimbilia huku misimu ya vimbunga. Nadra haina maana ya kamwe. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 tulimngoja Hidaya siku nzima, boti za Unguja zimesimama, mpaka akanyong'onyea karibu na Mafia.

Siku ile mimi nilikuwa Mikocheni, nimefunga madirisha. Sikuwa na jingine la kufanya.

Simu kutoka Tanga

Katikati ya hizi hesabu zangu shangazi akafariki. Simu ilikuja usiku. Alfajiri nilifunga mlango, nikampa jirani ufunguo, nikapanda basi la Tanga. Jukumu la jirani lilikuwa kumwagilia mchicha, na hata huo alisahau, na mchicha ukaota tena.

Tulizika, tukakaa. Mnajua kukaa kulivyo: wanaume nje chini ya turubai, chai inazunguka, hakuna anayetazama saa. Ndipo simu ya mtu mmoja ikaleta tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo mkali na mawimbi makubwa, ukanda wote wa pwani. Wakaisoma kwa sauti, mmoja akauliza kama daladala la kesho lingekuwepo, wakaendelea na mazungumzo.

Mimi sikuendelea. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikiwaza kamba ya boya.

Kamba ile inapita kwenye kipito cha chuma pale omo. Chombo kikitikisika, inasagika mahali pamoja. Mzee huifunga kipande cha mpira, na kila jioni anakwenda kukitazama kama kimehama. Mimi ningekuwa Tanga. Nani angekitazama? Na pampu ya ngama ikianza kufanya kazi mfululizo, nani angeisikia? Nyumba ukiifunga inakusubiri. Inashika vumbi tu. Chombo hakijui kusubiri.

Nikawafikiria wale wanandoa wa kwenye yoti, si Chandler tu, wote ninaowaona pale ghubani, wanaokuja na bendera zao na kuondoka. Wamepanga maisha yanayowezekana, na nawaheshimu. Lakini ndugu zao wako ng'ambo, na misiba yao wanahudhuria kwa simu. Mimi ndugu zangu wako Tanga, Kunduchi na Tabata, na maisha yangu, nikiyatazama vizuri, ni ya kuondoka ghafla: harusi, mgonjwa wa kulindwa Muhimbili, arobaini. Watu wanaoandika faida na hasara za kuishi chomboni wanaandika ukungu kwenye viatu, wanaandika nafasi finyu, wanaandika kichefuchefu. Sikuona aliyeandika shangazi.

Mama alikuwepo palepale msibani. Nikamgusia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza ngazi ya kupandia ina vidato vingapi, na kama kihori kina mahali pa kushika.

"Hongera mwanangu," akasema. "Mimi nitakuwa nakusalimia nikiwa ufukweni."

Wanaolala humo

Niliporudi Dar nilikwenda Msasani jioni, nikakaa ufukweni penye ngalawa nikiitazama ghuba. Yoti nyingi zilikuwa giza. Lakini hapa na pale, kwenye chombo hiki na kile, palikuwa na taa moja ndogo ya shetri, na chini yake mtu mmoja.

Nilikuwa nikiwaona siku zote bila kuwahesabu. Ni vijana wa Msasani, wa Kunduchi, wa Pemba, wameajiriwa kulinda. Wanalala mle, wanapika mle, wanajua kamba ipi inasagika na betri ipi haishiki chaji. Nilimuuliza mmoja, wa chombo cha jirani na mzee, kama mwenye chombo anaishi humo.

"Bosi anakuja Jumapili," akasema. "Anaeishi ni mimi."

Hapo maneno ya mjomba yakanikaa sawasawa. Pwani yetu ililijua hili zamani: kumiliki chombo na kulala chomboni ni shughuli mbili, na kila moja ina mtu wake. Wageni wameziunganisha kwa mtu mmoja, na huenda huko watokako inawezekana. Hapa kwetu, wengi wa waliojaribu, baada ya muda, wamemweka kijana.

Nikalirudia jedwali langu. Nikagawa kila mstari: huu ni wa mwenye chombo, huu ni wa anayelala. Rangi, zinki, nyaya, winchi, ushuru, vyote vikaenda kwa tajiri. Upepo wa usiku, maji ya asubuhi kabla ghuba haijaamka, kazi bila kelele, vikaenda kwa anayelala. Moja tu halikugawanyika, nalo ndilo lililonishika tangu mwanzo: kuachia boya Ijumaa na kwenda. Anayelala tu hana ruhusa hiyo. Anang'oka tajiri akisema.

Nililitazama sana hilo. Kisha nikajiuliza ni Ijumaa ngapi za mwaka uliopita zilikuwa zangu kweli, na nikaona afadhali nisijibu kwa maandishi.

Nilichomwambia mzee

Nilimwambia sinunui. Alitikisa kichwa kama aliyekwisha kujua, akaniuliza kama ni fedha. Nikasema ni shangazi. Ilibidi nieleze kidogo.

Nikamwambia pia kwamba yeye anakwenda kutibiwa magoti, mnunuzi hajapatikana, na chombo hakiwezi kubaki peke yake. Nikae mimi, miezi ya kusi, ghuba ikiwa imetulia. Nisilipe kodi, naye asinilipe mshahara. Kaskazi ukianza tutaona. Akafikiri, akaingia ndani, akatoka na daftari.

Orodha yake ni ndefu kuliko mkataba wa nyumba yoyote niliyowahi kupanga. Mpira wa kwenye kamba ya boya, kila jioni. Siku za bamvua, mara mbili. Injini iwashwe kila wiki ingawa hakuna safari. Ngama itazamwe kwa macho, kengele ya pampu isiaminiwe. Koki ya gesi imepigiwa mistari mitatu. Kuhusu choo tumekubaliana nitumie cha nchi kavu kila inapowezekana, na kwamba "inapowezekana" haina maana ya "nikijisikia".

Vitu vyangu vya Mikocheni nimevipeleka kwa dada Tabata. Amevipokea, ameviweka stoo, akaniita mlinzi mwenye digrii mbele ya watoto wake, na jina limeshika.

Likabaki la msiba. Nilimwendea yule kijana wa chombo cha jirani, nikamweleza kwamba ninaweza kupigiwa simu saa yoyote na nikaondoka siku kadhaa, na kwamba siku hizo nitahitaji mtu wa kulala mle. Hakuona ajabu. Mwaka huu, alisema, yeye mwenyewe ameshakwenda Pemba kuzika, na aliyemshikia chombo alikuwa wa boya la tatu.

Masharti yake ni mawili: alipwe siku kwa siku kabla jua halijazama, na nisimwachie jiko la gesi, atakuja na mkaa wake.

Nikamwambia mkaa haupandi kwenye chombo cha mzee. Akasema basi atakula kwao kabla ya kuja, niongeze elfu mbili. Tumeishia elfu moja na mia tano.